Vifaa vya Kupunguza Dizeli: Barabara Itazamwe Kwanza

Mwenye lori la tela mjini Moshi anayeshawishiwa kununua vifaa vya kupunguza dizeli hana budi kujiuliza kwanza gari lake hupita wapi.

Ngao ya upepo juu ya kabini, iliyoenea Marekani baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973, hutegemea mwendo. Mwendo ukitoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, upinzani wa hewa huongezeka mara nne. Kwa hiyo katika tambarare za Same na Korogwe ngao hiyo yafaa. Lakini kutoka Himo kupanda Marangu lori hujikokota. Kinacholemea hapo ni shehena na mlima, na ngao ni uzito wa ziada tu. Sumaku za kufungwa kwenye bomba la mafuta hatuzitetei popote: dizeli si chuma. Tairi lililopungua upepo, hilo hula mafuta kila mahali, na kulijaza ni rahisi kuliko kununua ngao.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanunuapo vitunguu na maharage ya bara, hulipa pia dizeli hiyo. Kwa hiyo twawataka maofisa wanaosimamia magari ya umma, kabla ya kutia saini hati ya ununuzi, wadai daftari la safari: kilomita ngapi tambarare, ngapi mlimani, na kwa lita ngapi.