Maji meusi juu ya mgodi wa Kilembe

Ukitoka Rughenda asubuhi na mapema, ukapita Beni, ukavuka mpaka pale Kasindi, na barabara ikiwa nzuri, usiku unaweza kulala Kilembe, karibu na mji wa Kasese. Ni Uganda, lakini masikio hayaoni mpaka. Bakonzo wa kule na sisi Bayira wa huku, luga ni moja. Mama aliyeniuzia chai aliitikia salamu yangu kwa Kinande na kuniuliza maharagwe iko bei gani Butembo.

Mimi nilienda kutafuta ziwa. Upande wetu, njia ya kupanda Ruwenzori inaanzia Mutwanga, lakini mambo ya usalama kule Beni tunayajua sote, njo maana nilizungukia Uganda. Na huko Kilembe njia ya mlima inaanzia kwenye mgodi wa zamani. Kwa mtoto wa mchimbaji kama mimi, ile ilitosha.

Mgodi wa Kilembe ulianza kutoa shaba mwaka 1956, mwaka ule ule reli ilipofika Kasese. Shaba ilipakiwa kwenye treni na kupelekwa Jinja kuyeyushwa. Umeme wa mgodi ulitoka mto Mubuku, kwenye centrale ya megawati 5, na Mubuku unatoka juu huko huko kwenye barafu na kinamasi cha Ruwenzori. Kwa hiyo mlima ulitoa jiwe, ukatoa pia nguvu ya kulisaga. Kazi ilisimama 1982. Walichimba zaidi ya tani milioni 16 za mawe, na shaba ndani yake ilikuwa karibu 2 kwa mia. Wachimbaji wanajua hesabu hiyo inamaanisha nini: katika kilo 100 unachukua 2, na 98 inabaki. Mingi ya ile 98 ilimwagwa kando ya mto Nyamwamba, unaopita katikati ya nyumba za wafanyakazi.

Siku ya kwanza ni msitu. Siku ya pili ni miti yenye ndevu za kijani, na baridi inaanza. Siku ya tatu vaa bote, zile zile tunazovaa shimoni, maana chini hakuna tena udongo wa kukanyaga. Ni turba: majani yaliyokufa ndani ya maji baridi, yakakosa kuoza, yakalaliana miaka maelfu mpaka yakawa kitu cheusi, laini, kizito. Unakanyaga, mguu unaingia mpaka gotini. Unaruka kutoka fundo moja la majani hadi lingine, na kati yake kuna vidimbwi vyeusi kama kahawa. Mimi nilianguka mara tatu. Mzee aliyekuwa akituongoza hakucheka, ila alinipa fimbo yake.

Ziwa lenyewe linaitwa Kopello, liko karibu mita 4,000 juu. Si kubwa. Lobelia zinasimama ukingoni kama watu waliojifunika blanketi. Wazee wetu walisema huko juu kwenye theluji njo anakaa Kithasamba, na ukiwa pale jioni, ukungu unaposhuka, hauna hamu ya kubishana.

Niliona vijiti vyeusi, vikavu, vimesimama katikati ya majani mabichi.

— Papa, hapa paliungua?

— Paliungua. Sisi tulikuwa chini, tunaona moshi tu.

Ilikuwa Februari 2012, wakati wa jua kali. Moto ulikula sehemu kubwa ya juu ya bonde la Nyamwamba. Turba ni kama sifongo: mvua ikinyesha inainywa, halafu inaitoa pole pole. Ikiungua, na miti ikiondoka, maji hayana kitu cha kuyashika. Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ukafurika, ukashuka Kilembe na mawe makubwa, ukabeba nyumba na watu. Wataalamu waliochunguza mafuriko hayo walihesabu ule moto kati ya sababu zake. Mei 2020 mto ulirudi tena, ukaharibu hospitali ya Kilembe, hospitali iliyojengwa kwa ajili ya mgodi.

Na kila mto unapofurika, unakwangua ile 98 iliyobaki na kuipeleka chini, kwenye mashamba na kwenye Ziwa George. Kuna mahali kando ya mto ambapo udongo ni wa njano na hakuna jani hata moja. Mgodi umefungwa zaidi ya miaka 40, na taka zake zingali zinasafiri.

Niliporudi nilipita tena kwenye zile nyumba za wafanyakazi. Watu wanaishi ndani bado. Mzee yule alizaliwa katika moja yao, baba yake alifanya kazi ya shimoni. Alitaka kujua kwetu, kule Manguredjipa, wachimbaji wanaosafisha dhahabu wanamwaga wapi matope yao. Nilimwambia: mtoni. Akauliza, na nani anakaa chini ya mto? Nilimtajia vijiji viwili ninavyovijua, halafu moto ya kunirudisha Kasese ikafika.