Fahamu: Nani hasa kasababisha kifo?

Aprili 20, 2022, mjini Columbus, Ohio, wazee wa baraza walimwachia huru daktari William Husel kwa mashtaka yote 14 ya mauaji. Alidaiwa kuwapa wagonjwa mahututi dozi kubwa za fentanili, dawa kali ya maumivu, walipokuwa wakiondolewa mashine za kupumulia.

Je, waliuawa na dawa au na maradhi?

Katika sheria ya jinai yenye asili ya Uingereza, nia mbaya pekee haitoshi. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe kitendo, na kwamba kitendo hicho ndicho kilicholeta kifo. Kwa mfano, mwaka 1910, mtu aitwaye White alitia sumu kwenye kinywaji cha mama yake. Mama alikutwa amefariki, glasi ikiwa bado imejaa robo tatu. Moyo ndio uliosimama, si kwa sumu. White alitiwa hatiani kwa kujaribu kuua tu.

Lakini ugonjwa si kinga kwa mtuhumiwa. Waendesha mashtaka wa Columbus walisisitiza kuwa kuharakisha kifo cha anayekaribia kufa ni kukisababisha. Kifungu cha 203 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, na cha 213 nchini Kenya, vinasema vivyo hivyo. Utetezi wa Husel ulijibu kwamba wagonjwa waliuawa na maradhi yao, na daktari alikusudia kuwapunguzia maumivu. Panapobaki shaka ya msingi, sheria humpa mshtakiwa nafuu ya shaka hiyo.