Diski Inapougua: Yaliyotupata Zinga



Katika mkutano uliopita wengi wenu mliuliza kwa nini khabari za mashamba yenu, yaani picha za stakabadhi za mauzo, hesabu za mikarafuu na karatasi za mirathi, hazikuweza kufunguliwa kwa muda wa majuma mawili. Wengine walidhani kwamba chama kimezipoteza. Hazikupotea, ila kitu kimoja, nacho tutakitaja hapa chini bila ya kuficha. Na kwa kuwa siku hizi vijana wetu wengi wanaweka majumbani kompyuta za namna hii za kuhifadhia mambo, twaona yafaa jambo lenyewe lielezwe tangu mwanzo, ili likimpata mwanachama mwingine ajue la kufanya kwanza na la kutofanya kabisa.

Seva yetu ipo Zinga, wilaya ya Bagamoyo, nyumbani kwa mpwa wangu. Iliwekwa huko ng'ambo kwa makusudi, ili ofisi yetu ya kisiwani ikishika moto au ikiingia maji, nakala ziwe salama bara. Shauri hilo lilikuwa jema. Lakini kompyuta ya ofisini ilipokufa mwaka jana hatukununua nyingine, na karatasi zenyewe zilikwisha kurudishwa kwa wenyewe. Basi ile iliyokuwa nakala ikageuka kuwa ndiyo asili, wala hapana aliyelitia maanani jambo hilo. Hilo ni kosa la sisi wa kamati, si la kijana.

Mashine yenyewe si kubwa. Ni kompyuta iliyokwisha kutumika, imetiwa diski mbili za terabaiti 4 kila moja, nayo hukaa juu ya rafu ukumbini na kufanya kazi usiku na mchana. Diski hizo ni pacha: kila linaloandikwa katika moja huandikwa na katika ya pili, ili moja ikifa nyingine ibaki.

Kwa wale ambao hawajapata kuiona diski kwa ndani, wafikirie santuri za zamani. Mna sahani nyembamba zilizopakwa utando wa sumaku, zinazunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake una mkono wenye kichwa kidogo cha kusomea. Ila kichwa hiki hakigusi sahani kama sindano ya santuri. Huelea juu ya upepo wa sahani yenyewe, katika nafasi ambayo unywele mmoja wa binadamu ni mnene kuishinda mara elfu nyingi. Mashine ya kwanza ya namna hii ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, nayo ilihifadhi herufi kiasi cha milioni 5. Diski moja ya Zinga, ambayo waweza kuishika kwa mkono mmoja, inachukua kiasi cha mashine hizo 800,000. Ndiyo maana ikiugua khasara yake si ndogo.

Sasa tueleze lililotokea. Usiku mmoja wa masika umeme ulikatika Zinga ukarudi, ukakatika tena ukarudi, mara tatu kwa muda wa saa moja. Asubuhi seva ikawaka kama kawaida. Siku tisa baadaye mpwa wangu alitaka kufungua picha ya stakabadhi moja, ikamchukua dakika mbili nzima, naye akasikia ndani mlio mdogo wa kugongagonga. Alipotazama akaona kwamba pacha hawapo tena wawili. Diski moja ilikwisha kutolewa katika kazi tangu usiku ule wa umeme. Seva ilikuwa imetuma barua ya onyo kila siku, lakini ilizituma kwenye anwani ambayo hapana mtu aliyekuwa akiifungua.

Akamwuliza fundi mmoja wa mjini kwa simu. Fundi akamwambia mara moja: toa hiyo mbovu uitupe, nunua mpya, itie, na ile nzima iinakilie. Shauri hili ndilo linalotolewa mara nyingi, na mara nyingi huwa sawa. Safari hii lingetuangamiza.

Nashukuru kwamba alinipigia mimi kabla hajatenda. "Shikamoo mjomba," akasema, "naitoa diski mbovu, je, niitupe?" Nikamwambia asitupe kitu, aizime seva vizuri, asiiwashe mpaka nifike. Nikavuka kwa boti hadi Dar es Salaam, nikapanda gari ya Bagamoyo, na alasiri nikateremka Zinga.

Jambo la kwanza tulilogundua ni kwamba hatukujua diski ipi ni ipi. Zote mbili ni za umbo moja na rangi moja, na seva huzitaja kwa namba zilizopigwa chapa kwenye kibandiko ambacho hakionekani mpaka uivute nje. Mwanachama mwenye diski zaidi ya moja aandike leo namba hizo juu ya utepe wa karatasi na kuubandika mahali panapoonekana. Watu wengi wamepoteza mali yao kwa kuvuta diski nzima na kuiacha mbovu. Sisi tuliziandika A na B. A ndiyo iliyotolewa kazini, B ndiyo iliyobaki.

Kila diski ina daftari lake la afya, linaloitwa SMART, ambamo hujiandikia yenyewe makosa yake. Daftari hilo husomwa kwa programu ya bure iitwayo smartctl, na zipo nyingine za namna hiyo. Mistari ni mingi na mingi haina faida kwetu. Yafaa kutazama minne tu. Wa 5 huonyesha vipande vya sahani vilivyokufa na kubadilishwa na vipande vya akiba. Wa 197 ni vipande ambavyo diski imeshindwa kuvisoma na bado inangoja. Wa 199 ni makosa ya njiani, yaani khabari zilizoharibika katika waya baina ya diski na kompyuta. Na wa 9 ni saa ambazo diski imefanya kazi tangu kutengenezwa.

Tukasoma A, ile iliyohukumiwa kutupwa. Mstari wa 5 sufuri, wa 197 sufuri, wa 199 makosa 412. Maana yake sahani zake ni safi kabisa, na ugonjwa upo njiani. Tulipouchomoa waya wake tuliona kwenye meno yake kutu ya kijani. Zinga ipo karibu na bahari kama tulivyo sisi visiwani, na hewa ya chumvi haichagui. Kisha tukasoma B, ile iliyosemwa kuwa nzima. Mstari wa 197 vipande 24. Basi iliyofukuzwa ndiyo nzima, na iliyobaki kazini ndiyo inayokufa. Lau tungaliitupa A na kuiamuru B kuinakilia diski mpya, kazi ile ya kusoma sahani nzima kwa saa nyingi mfululizo ingeliimaliza, na sisi tungelibaki mikono mitupu.

Mkulima wa karafuu hahitaji kufundishwa jambo hili. Gunia likionekana kavu juu, mnunuzi mwenye akili huzamisha mkono hadi chini, kwani huko ndiko unyevu unakojificha. Na diski nayo isihukumiwe kwa dalili ya kwanza.

Twapenda kutaja uchunguzi wa namna mbili uliofanywa kwa diski nyingi sana. Mwaka 2007 wataalamu wa kampuni ya Google walitangaza waliyoyaona katika diski zaidi ya 100,000. Diski iliyopatikana na kosa lake la kwanza la usomaji ilielekea kufa katika siku 60 zinazofuata mara 39 zaidi ya isiyo na kosa hilo. Kwa hivyo vipande 24 vya B si jambo la kupuuza. Lakini waliona pia kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja katika dalili nne kubwa. Daftari likisema ugonjwa, amini. Likisema uzima, usilale. Uchunguzi wa pili ni wa mwaka 2016, wa Chuo Kikuu cha Rutgers pamoja na kampuni ya Microsoft, nao ulionyesha kwamba unyevu wa hewa huzidhuru diski kuliko joto, khasa katika vyombo vya umeme na maungio yake. Wengi wetu tulikuwa tukiogopa joto tu na kuiwekea mashine feni.

Tukaenda kununua diski mbili mpya. Muuzaji wa kwanza alitupa diski ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, lakini tulipousoma mstari wa 9 tukakuta saa zaidi ya 31,000. Mwaka mmoja una saa 8,760, basi "mpya" hiyo ilikuwa imefanya kazi zaidi ya miaka mitatu na nusu. Tukairudisha, naye akatoa nyingine bila ya ugomvi, jambo lililotuonyesha kwamba alijua. Hata hivyo saa hizo nazo huweza kufutwa. Mwanzoni mwa mwaka 2025 ilifichuka huko Ulaya kwamba diski zilizotumika ziliuzwa kama mpya baada ya hesabu yake kurudishwa sufuri.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. A tuliiweka kando bila ya kuiandika neno. B tulitia waya mpya, kisha tukainakili kipande kwa kipande kwenye diski mpya kwa programu iitwayo ddrescue, ambayo huchukua kwanza yale yanayosomeka kwa urahisi na kuyarudia magumu mwishoni, ili diski inayokufa isimalize pumzi yake kwenye jambo moja. Ilichukua mchana mmoja na usiku mzima, na sisi tukilala kwa zamu. Jirani mmoja, mwenye nia njema, alituambia tuitie B ndani ya friji la barafu kwanza. Shauri hilo ni la zamani na si la kufuatwa, khasa kwetu pwani. Ukiitoa tu, hewa hugeuka maji juu yake na ndani yake, kwani diski nyingi zina tundu dogo la kupumulia. Wala msiifungue kifuniko. Chembe moja ya vumbi ni mlima mbele ya kichwa kile.

Tulipoanza, B ilikuwa na vipande vibovu 24. Tulipomaliza vilikuwa 1,312. Kwa hivyo hatukuwa na siku nyingi.

Yote yaliyoandikwa kabla ya usiku wa umeme tuliyapata kwa A, hayana ila. Ya siku tisa zilizofuata yalikuwa katika B tu, nayo tuliyapata yote isipokuwa sauti moja. Ni sauti ya bibi mmoja wa Mtambwe, Pemba, aliyekuwa akiwatajia wajukuu mipaka ya shamba la mikarafuu la marehemu mumewe, mti kwa mti, kwa ajili ya kugawanya mirathi. Sauti inakatika mara tatu, kila mara kwa kitambo kidogo tu. Lakini katika mara mojawapo bibi anasema, "na upande wa bondeni mpaka ni," kisha kimya, kisha anaendelea na kisima.

Watu wameuliza, pacha zilikuwa za nini basi? Pacha hukuokoa diski moja ikifa ghafula, wala hazikuokoi kwa zaidi ya hilo. Ukifuta faili kwa makosa hufutika kwa zote mbili. Mwizi akiichukua mashine huchukua zote mbili. Umeme ukipiga hupiga zote mbili. Ni kama walinzi wawili wanaolala kibanda kimoja. Kamati imekubali kwamba sasa kutakuwa na nakala tatu: moja Zinga, moja ofisini kisiwani, na ya tatu katika diski isiyochomekwa umeme, iliyowekwa ndani ya kopo pamoja na dawa ya kunyonya unyevu. Karani ataitoa kila mwezi, ataiandika upya, atajaribu kufungua faili kumi atakazozichagua mwenyewe, kisha ataificha. Kujaribu kufungua ndiyo kazi yenyewe. Nakala ambayo haijapata kufunguliwa haijulikani kama ni nakala. Na barua za onyo sasa zinakuja kwenye simu yangu na ya karani.

Zinga tumeweka pia kisanduku cha betri, kile wanachokiita UPS, ili umeme ukikatika seva ipate nafasi ya kujizima kwa utaratibu. Sisi wa visiwani tusijione tuko mbali na shida hiyo. Unguja huletewa umeme kutoka bara kwa waya wa chini ya bahari tangu mwaka 1980, na Pemba kutoka Tanga tangu mwaka 2010, nasi twakumbuka kiza cha Unguja cha mwaka 2008, kiasi cha mwezi mzima, na kile cha Disemba 2009 hadi Machi 2010.

Wanachama wenye seva zao majumbani wanaotaka kusomewa daftari la diski wanaweza kuja ofisini siku ya Jumamosi asubuhi, pamoja na diski yenyewe na waya wake. Wasije na diski iliyokwisha kufunguliwa.

Kuhusu ile sauti, wajukuu wamekwenda tena Mtambwe. Bibi alicheka sana alipoambiwa kwamba mashine imesahau na yeye anakumbuka. Alisema mti wa bondeni ni mfenesi, na kwamba mara ya kwanza alisahau kuutaja mnazi wa nyuma ya kisima, basi na huo uandikwe.