Maficho Yanayokiponza Kimelea cha Ndigana

Mfugaji wa Morotonga, mkoani Mara, hahitaji maabara kuitambua ndigana kali. Tezi chini ya sikio la ndama huvimba, homa hupanda, na siku chache baadaye mnyama huhema kwa shida huku povu likimtoka puani. Asipotibiwa mapema, mara nyingi hufa.

Anayeisambaza ni kupe, lakini muuaji hasa ni Theileria parva, kimelea cha seli moja. Nyati wa Serengeti hukibeba bila kuugua, na ng'ombe anayekula nyasi walikopita nyati huokota kupe walewale.

Kimelea hiki ni kijanja. Kikitoka kwenye mate ya kupe huingia ndani ya limfosaiti, yaani seli nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kuulinda mwili. Seli hukizingira kwa utando, lakini ndani ya dakika chache utando huo huyeyuka, nacho hubaki huru katika sitoplazimu, yaani uteute wa ndani ya seli. Kisha huichochea seli igawanyike mfululizo, nacho hugawanyika pamoja nayo. Humo ndani kingamwili zinazozunguka kwenye damu hazikipati.

Hata hivyo, maficho hayo ndiyo yanayokiponza. Ndani ya sitoplazimu kuna proteasomu, mitambo inayokatakata protini zilizochakaa au zisizotakiwa, bila kujali ni za mwenyeji au za mgeni. Protini ambazo kimelea huzimwaga humo hukatwa pia, zikawa vipande vifupi viitwavyo peptidi.

Peptidi hizo zikibaki humo hazina faida kwa kinga. Ni lazima zivuke utando wa retikulamu ya endoplazimu, na kivushi chake ni TAP, kinachoundwa na protini mbili zilizoshikamana: TAP1 na TAP2. Kwanza TAP huwa wazi upande wa sitoplazimu. Peptidi, hasa yenye asidi amino 8 hadi 16, hunasa katikati. Molekuli za ATP, nishati ya seli, zikijishika kwenye TAP, sehemu zake mbili za chini hukumbatiana, upande wa nje hujifunga na wa ndani hufunguka. Peptidi huangukia ndani. ATP ikivunjwa, TAP hurudi ilivyokuwa, tayari kupokea nyingine.

Upande wa pili molekuli za MHC za daraja la kwanza zinasubiri, zikiwa zimeshikizwa jirani na TAP na protini iitwayo tapasini. Peptidi ndefu hupunguzwa hadi asidi amino 8 au 10 hivi, hukaa kwenye MHC, na kupelekwa hadi juu ya seli kama kitambulisho kinachoonyeshwa getini. Seli T aina ya CD8, ambazo ni seli za kinga, zikiona peptidi ya kigeni, huiua seli hiyo pamoja na kilichomo.

Kwamba seli T husoma kitu kigeni pamoja na MHC kuligunduliwa mwaka 1974 na Rolf Zinkernagel na Peter Doherty, waliotunukiwa Nobel mwaka 1996. Doherty ni daktari wa mifugo, na aliwahi kukaa kwenye bodi ya ILRAD, maabara ya magonjwa ya mifugo jijini Nairobi. Mwaka 1994 watafiti wa maabara hiyo walionyesha kwamba seli za CD8 kutoka kwa ndama mwenye kinga zinaweza kumkinga pacha wake anayefanana naye dhidi ya ndigana.

Hapo ndipo tunapoielewa chanjo ya Muguga, iliyobuniwa nchini Kenya miaka ya 1970. Ng'ombe huchomwa vimelea hai vilivyohifadhiwa kwenye nitrojeni ya kimiminika, na papo hapo hupewa oksitetrasaiklini ya kudumu mwilini. Kimelea kilichokufa hakiwezi kujipenyeza hadi sitoplazimu, kwa hiyo peptidi zake hazifiki kwa TAP kwa wingi. Kilicho hai huingia chenyewe, na dawa hukipunguza kasi mpaka seli T ziongezeke.

Chanjo hiyo ina mchanganyiko wa vimelea vya aina tatu, na mojawapo asili yake ni nyati wa Serengeti. Sababu ya kuchanganya ni kwamba seli T iliyozoea peptidi moja inaweza kushindwa kuitambua iliyobadilika kidogo. Vimelea vya nyati hutofautiana mno, ndiyo maana ng'ombe aliyechanjwa bado anaweza kuugua akichanganyika nao. Kwa hiyo josho la kuua kupe haliachwi.

Jenomu ya kimelea ilichapishwa mwaka 2005, na mwaka uliofuata zikatajwa antijeni kadhaa ambazo seli T za ng'ombe huzitambua. Sasa kuna majina ya protini za kutengenezea chanjo isiyohitaji kimelea hai wala mtungi wa nitrojeni. Lakini kuidunga tu protini mwilini hakutoshi. Ni lazima izalishwe au ifikishwe ndani ya seli, ikatwe, na vipande vyake vipite kwenye TAP.