Makali Yamfuate Fundi

Hakuna seremala asiyejua kwamba kinolewacho hupata. Mwanagenzi hufundishwa kunoa patasi mapema kabisa, mara nyingi kabla ya kuaminiwa mbao ya mteja. Lakini ingia karakana nyingi za samani, ziwe za Keko jijini Dar es Salaam au za kandokando ya Ngong Road jijini Nairobi, na si ajabu kukuta patasi ikigongwa kwa nguvu mahali ambapo ingetosha kusukumwa kwa kiganja, au randa ikinyofoa nyuzi za mbao badala ya kutoa maranda membamba. Lawama huangukia uvivu wa vijana. Naona lawama hiyo haina haki. Kosa liko kwenye mpangilio wa karakana: jiwe la kunolea liko mbali na kazi, na fundi anayelipwa kwa kitanda kilichokamilika hana sababu ya kulifuata.

Fikiria hatua zenyewe. Jiwe limefungwa kwenye kitambaa chini ya sanduku la zana. Meza imejaa kiti kilichopakwa gundi ambacho hakitakiwi kuguswa. Mafuta ya taa ya kulainishia jiwe yameazimwa na jirani. Kabla chuma hakijagusa jiwe, robo saa imekwisha, kwa hiyo fundi anaendelea na patasi butu hadi jioni. Hapo ndipo hasara inapoongezeka, kwa sababu ubutu haukui kwa usawa. Makali yaliyopungua kidogo hurudishwa kwa kusuguliwa mara chache kwenye jiwe laini. Yakiachwa mpaka yapige pengo, hakuna njia ila grenda, na grenda hula chuma. Isitoshe, hukichoma. Jiwe la milimita 150 linaloendeshwa na mota ya mizunguko 2,850 kwa dakika lina ukingo unaokimbia takriban kilomita 80 kwa saa, na ncha nyembamba ya patasi iliyokandamizwa hapo hupata moto upesi. Chuma cha kaboni cha kawaida kikishabadilika rangi kuwa buluu, karibu nyuzijoto 300, ugumu wake umepungua. Sehemu hiyo itanoleka, ila haitashika makali. Wengi hulaumu patasi kuwa ni feki, kumbe iliharibiwa siku ya kunolewa.

Mbao zetu nazo hazina huruma. Mninga ni mpole, lakini mvule huficha vijiwe vya chokaa ndani ya mwili wake, na mtiki una silika, madini yale yale ya mchanga. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini. Anayefanya kazi na mbao hizi hawezi kunoa mara moja kwa wiki. Atagusa jiwe mara kadhaa kwa siku. Kazi inayofanywa mara kadhaa kwa siku haiwezi kukosa mahali pake, na kwa karakana zetu nashauri mahali hapo pawe juu ya magurudumu.

Kwa nini magurudumu, na si meza ya kudumu pembeni? Kwanza, mwanga. Makali hukaguliwa kwa jicho: ncha butu hurudisha mng'ao kama uzi mweupe, ncha kali haionyeshi kitu. Jua la mlangoni hufichua uzi huo kuliko balbu ya dari, na jua huhama. Pili, moto. Cheche za grenda juu ya vumbi la mbao ni hatari isiyo na mjadala, kwa hiyo kazi ya grenda ifanyike nje, penye sakafu iliyofagiliwa. Tatu, usiku. Karakana nyingi ziko wazi kando ya barabara, na kila kitu cha thamani lazima kiingizwe ndani na kufungiwa.

Kifaa chenyewe seremala hahitaji kufundishwa kukiunda. Ni kabati dogo lenye uso wa plaiwudi ya milimita 18, kimo cha sentimita 85 hadi 90 ili uzito wa mwili ushuke juu ya jiwe. Pingamizi la kweli ni kuyumba, maana kitu chenye magurudumu hutikisika, na pembe ya kunoa haivumilii mtikisiko. Breki husaidia, lakini mimi ningependelea njia ya mkokoteni: magurudumu mawili upande mmoja, miguu mitupu upande wa pili. Inua upande wenye miguu, sukuma, shusha. Kabati limesimama kwa miguu yake. Magurudumu yawe na kipenyo cha sentimita 10 au zaidi, kwani vile vidogo vya viti vya ofisini hunaswa na maranda. Weka mfuko wa mchanga au tofali la saruji chini kabisa. Grenda likae mwisho mmoja na mawe mwisho wa pili, kukiwa na ubao wa kutenganisha, kwa sababu punje moja nene ya grenda ikiangukia jiwe laini itachora kila patasi itakayopita.

Jambo ambalo wengi huliruka ni pembe. Grenda au jiwe nene hutengeneza mteremko wa nyuzi 25, kisha ncha pekee hunolewa kwa nyuzi 30. Anayetumia kishikio cha pembe cha aina ya Eclipse ya Uingereza atoe kisu cha randa milimita 38 mbele ya kishikio ili apate nyuzi 30, na milimita 50 ili apate 25. Vipimo hivyo vikigongewa juu ya kabati kwa vijiti viwili vya mbao, mwanagenzi na bosi wake watapata pembe ile ile bila rula.

Wapo watakaosema mashine zimemaliza habari hii. Kwa misumeno ya duara yenye meno ya kabaidi ni kweli, kwani hiyo hunolewa kwa gurudumu la almasi na kabati hili haliifai. Lakini mashine haiketishi bawaba wala haisafishi kona ya tundu la kiungo. Wengine watamtaja mnoaji wa baiskeli anayepita mitaani na cherehe yake. Kwa visu vya jikoni anafaa sana. Kwa patasi, anakuja siku anayojua yeye na pembe anayoipenda yeye.

Pingamizi la gharama ni zito zaidi, maana mawe mazuri ya maji na mabamba ya almasi ni ghali. Hata hivyo, kipande cha kioo cha milimita 10 kilichobaki kwa fundi wa madirisha ni bapa kuliko mawe mengi yaliyotumika miaka, yaliyokwisha kubonyea katikati. Bandika juu yake msasa wa maji, ule wa wapaka rangi magari, namba 400, 1000 na 2000, kisha malizia kwenye ukanda wa ngozi uliogundishwa juu ya ubao. Msasa huisha na gharama yake hujilimbikiza, kwa hiyo hatimaye jiwe litakuwa rahisi zaidi. Kwa hiyo mwenye karakana aanze na kioo, msasa na ngozi juu ya kabati la mabaki ya mbao, anunue jiwe kazi ikilipa, na grenda aliache liwe la mwisho.