Joto la Aktiki na baridi ya Texas

Mwishoni mwa Februari 2018 kituo cha hali ya hewa cha Cape Morris Jesup, kwenye ncha ya kaskazini kabisa ya Greenland, kilipima joto la nyuzi 6 juu ya sifuri. Mwezi huo jua huwa bado halijaonekana huko tangu Oktoba, na kawaida ya mahali hapo ni baridi ya karibu nyuzi 30 chini ya sifuri. Siku hizohizo theluji ilianguka Roma, shule zikafungwa, na Uingereza ikakumbwa na baridi kali iliyoletwa na upepo wa kutoka Siberia.

Matukio ya namna hii huzua kauli mbili, na zote mbili hupotosha. Wapo wanaouliza: kama dunia inapata joto, theluji hii inatoka wapi? Februari 2015 seneta James Inhofe aliingia na donge la theluji katika ukumbi wa Seneti ya Marekani, liwe ushahidi wake. Na wapo wanaojibu papo hapo kwamba baridi hiyo imeletwa na ongezeko lenyewe la joto, kana kwamba jambo limekwisha kuthibitishwa. Wa kwanza wamekosea. Wa pili wametangulia mbele ya ushahidi, na hilo linanisumbua, kwa sababu sayansi inayotiwa chumvi huwapa hoja wale wanaoikataa.

Lisilo na ubishi ni joto la Aktiki. Tangu 1979, setilaiti zilipoanza kupima barafu ya bahari mfululizo, eneo hilo limepata joto kwa kasi ya karibu mara nne ya wastani wa dunia. Hesabu hiyo ilitolewa na watafiti wa Finland mwaka 2022. Sababu mojawapo kubwa ni barafu yenyewe. Barafu iliyofunikwa na theluji hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa jua, ilhali maji ya bahari iliyo wazi hurudisha chini ya asilimia 10. Septemba 1979, mwezi ambao barafu hufikia kiwango chake cha chini kabisa cha mwaka, bado ilifunika karibu kilometa za mraba milioni 7. Septemba 2012 ilibaki milioni 3.4. Bahari iliyo wazi hunywa joto kiangazi chote, kisha vuli ikiingia hulitoa hewani. Ndiyo maana Aktiki hupata joto la ziada zaidi katika miezi ya giza kuliko katika miezi ya jua.

Mkazi wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kufundishwa kwamba upepo huzaliwa na tofauti ya joto: kaskazi huvuma Asia na Arabuni zikiwa baridi, kusi huvuma zikiwaka joto. Katika nusu ya kaskazini ya dunia, kilometa kama 10 juu ya ardhi, tofauti ya joto kati ya tropiki na ncha huzaa mkondo wa upepo mkali unaoizunguka dunia kutoka magharibi kwenda mashariki. Marubani wanaujua vizuri. Ndege ya New York kwenda London hutumia muda mfupi kuliko ile inayorudi. Sasa, ncha ikipata joto, tofauti hiyo hupungua. Mwaka 2012 Jennifer Francis na Stephen Vavrus walitoa hoja kwamba mkondo ukidhoofika hupindapinda zaidi, kama Mto Tana unaoshuka kwa kasi milimani na ukifika tambarare za Garissa hujikunja huku na huko. Pindo moja likiteremka kusini, hewa ya Aktiki huteremka nalo. Jingine likipanda kaskazini, hewa ya joto huingia Aktiki. Kwa maelezo hayo, Greenland yenye joto na Roma yenye theluji ni sura mbili za tukio moja.

Ipo njia ya pili, ya juu zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini. Kuanzia kilometa 15 hivi kwenda juu, katika tabaka la stratosfia, giza la majira ya baridi hutengeneza mzunguko wa upepo unaoizingira ncha na kuifungia hewa baridi sana ndani yake. Huanza vuli na kusambaratika wakati wa machipuko. Unaweza kuvurugwa na mawimbi makubwa ya hewa, yale yaliyoelezwa na Carl-Gustaf Rossby mwaka 1939, yanayosababishwa na safu za milima na tofauti ya joto kati ya bara na bahari. Mawimbi hayo yakipanda na kuvunjikia huko juu, mzunguko hupungua kasi, pengine hupasuka vipande viwili, na ndani ya siku chache hewa ya stratosfia juu ya ncha huongezeka joto kwa nyuzi 30, hata 50. Richard Scherhag aliligundua jambo hili Berlin mwaka 1952, kwa vipimo vilivyopandishwa na maputo. Athari zake hushuka polepole, na kwa wiki kadhaa baadaye uwezekano wa hewa ya Aktiki kuteremkia Ulaya, Asia au Amerika Kaskazini huwa mkubwa kuliko kawaida.

Mwaka 2018 mzunguko ulipasuka tarehe 12 Februari, wiki mbili kabla ya theluji ya Roma. Na hapa tropiki nayo inaingia. Kuna mkusanyiko mkubwa wa mawingu ya mvua unaosafiri kutoka Bahari ya Hindi kuelekea Pasifiki, unaoitwa kwa majina ya Roland Madden na Paul Julian walioutambua mwaka 1971. Watabiri wa Nairobi na Dar es Salaam huufuatilia kwa sababu ya mvua zetu. Wiki chache kabla ya mpasuko ule, ulifika magharibi mwa Pasifiki ukiwa na nguvu isiyo ya kawaida. Joto linalotolewa na mawingu hayo hutuma mawimbi kaskazini, na watafiti wanayahesabu miongoni mwa yaliyochangia kuupasua mzunguko. Anayetaka kuibebesha Aktiki peke yake lawama ya baridi ile lazima aeleze mchango wa tropiki.

Barafu iliyopungua inaunganishwaje na haya yote? Macho ya wengi yako kwenye bahari za Barents na Kara, kaskazini mwa Norway na Urusi. Inadaiwa kwamba zikiwa wazi huimarisha mgandamizo mkubwa wa hewa juu ya milima ya Ural, nao huyasukuma mawimbi juu. Mwaka 2021 Judah Cohen na wenzake walichapisha katika jarida la Science hoja kwamba mabadiliko ya Aktiki yamechangia kuongeza vipindi ambavyo mzunguko wa ncha huvutika na kurefuka bila kupasuka, na kwamba baridi ya Texas ya Februari mwaka huo ilitokana na hali hiyo.

Pingamizi lenye uzito zaidi lilitolewa na Russell Blackport na James Screen wa Chuo Kikuu cha Exeter mwaka 2019. Waliangalia kipi hutangulia, wakaona kwamba hewa hubadili njia kwanza: hewa ya joto huingia Aktiki na kupunguza barafu, hewa baridi huteremka bara. Barafu pungufu na baridi kali huonekana pamoja kwa kuwa chanzo chao ni kimoja. Aidha, ile dalili ya mkondo kuzidi kupinda, iliyoonekana hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010, ilififia takwimu za miaka iliyofuata zilipoongezwa. Mwaka 2022 timu ya Doug Smith ililinganisha modeli 16 za kompyuta. Zilikubaliana kwamba barafu ikipungua mkondo hudhoofika, lakini kidogo tu ukilinganisha na jinsi unavyobadilika mwaka hadi mwaka. Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi, katika ripoti ya 2021, lilisema uhakika kuhusu mchango wa Aktiki bado ni mdogo, na papo hapo likasema ni karibu hakika kabisa kwamba vipindi vya baridi kali vimepungua duniani tangu 1950. Nami naliona hilo la mwisho kuwa ndilo linalosahaulika: hewa inayoteremka kutoka Aktiki ya leo yenyewe si baridi kama ile ya zamani.

Tarehe 16 Februari 2021 uwanja wa ndege wa Dallas-Fort Worth ulipima karibu nyuzi 19 chini ya sifuri, baridi ambayo haikuwa imeonekana katika eneo hilo tangu 1949. Februari 1899 eneo hilohilo lilifika nyuzi 22 chini. Baridi haikuwa ngeni, ila maisha yaliyoitegemea mitambo yalikuwa mageni. Visima na mabomba ya gesi yaliganda, vituo vya umeme vikazimika, na gridi ya Texas, ambayo imejitenga kwa sehemu kubwa na ile ya majimbo mengine, ikakosa pa kuazima umeme wa kutosha. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4.5 zilikatiwa umeme. Idara ya afya ya jimbo ilihesabu vifo 246. Na baridi ya Februari 2011 ilikuwa imekwisha kuzima umeme huko, wasimamizi wa serikali kuu wakashauri mitambo ikingwe. Ushauri huo haukugeuzwa kuwa amri. Mabishano juu ya Aktiki yanaweza kuendelea miaka mingi, lakini kufunika mabomba hakuhitaji kuyasubiri. Watabiri nao, wakiona mzunguko wa ncha umevurugika, mara nyingi hupata wiki mbili au zaidi za kutoa tahadhari.

Wengi wa waliofariki waliuawa na baridi yenyewe. Wengine waliuawa na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, baada ya kuwashwa majiko ya mkaa, jenereta au magari mahali palipofungwa. Ndugu zetu kutoka Kongo, Kenya na Tanzania mnaoishi Dallas, Houston na kwingineko huko: umeme ukikatika wakati wa baridi, jiko la mkaa lisiingie ndani hata kwa dakika chache, jenereta ikae nje mbali na madirisha, na king'ora cha kutambua gesi hiyo kiwe na betri mpya kabla ya Desemba.