Vitabu Ulivyosema Umesoma, na Podikasti za Kukutoa Aibu Bila Kukumaliza Mfuko

Tuambiane ukweli. Ile riwaya uliyofanyia mtihani wa fasihi, uliisoma ama ulisoma mwongozo? Mimi nilijibu maswali ya Siku Njema ya Ken Walibora bila kupita kurasa kumi. Nilijua maudhui, nilijua tamathali za usemi, nilijua Kongowea Mswahili alitoka Tanga akaja Kenya kumtafuta babake. Kitabu chenyewe kilibaki chini ya sanduku la shule. Kwa miaka mingi kila kilipotajwa mbele ya watu nilikuwa naitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekimaliza mara mbili.

Sasa, kuna watu wameigeuza aibu hii kuwa kipindi. Podikasti ya Overdue, ambayo jina lake ni lile neno la maktaba la kitabu kilichopitisha siku ya kurudishwa, ilianzishwa Marekani mwaka wa 2013 na marafiki wawili, Andrew Cunningham na Craig Getting. Mpango wao ni rahisi. Kila wiki mmoja anasoma kitabu alichokuwa akikiahirisha, halafu anamsimulia mwenzake, ambaye kwa kawaida hajakisoma. Raha yote iko kwa huyo ambaye hajasoma. Anauliza yale wewe pia ungeuliza kama usingeogopa kuonekana mjinga: huyu ni nani tena, na mbona hawakuongea tu yakaisha? Wanasoma vitabu vikubwa vya kihistoria, vya watoto, vya mapenzi, na kila Oktoba ni zamu ya vitabu vya kutisha. Hakuna anayejifanya profesa. Wakichoshwa na kitabu, wanasema.

Uingereza kuna Backlisted, iliyoanzishwa 2015 na Andy Miller na John Mitchinson. Hii inafufua vitabu vya zamani vilivyosahaulika, na mgeni mmoja anakuja na kitabu anachokipenda. Utani wao ni wa polepole kidogo. Lakini Miller ana historia nzuri kwa mada yetu: mwaka wa 2014 alichapisha kitabu kizima kuhusu kusoma vile vitabu alivyokuwa akidanganya watu kwamba amesoma. Kwa hivyo hatuko peke yetu.

Na kama unataka kucheka tu, iko 372 Pages We'll Never Get Back ya Michael J. Nelson na Conor Lastowka. Walianza 2017 na riwaya ya Ready Player One, ndiyo hizo kurasa 372. Wanasoma kipande kwa kipande wakilalamika. Hii inakusaidia kwa njia nyingine: unagundua kuna vitabu hukusoma na hukupoteza kitu.

Zote ni za Kiingereza, na zote unaweza kusikiliza bure. Basi pesa hutoka wapi?

Kwanza, data. Sauti ya kawaida ya podikasti hula takriban MB 1 kwa dakika, yaani karibu MB 60 kwa saa. Si nyingi. Shida ni kwamba ukiifuata podikasti, programu nyingi hupakua vipindi vipya zenyewe, hata vile hutasikiliza. Unaamka asubuhi bando imeisha na hujafungua simu. Ingia kwa mipangilio ya programu yako, weka upakuaji uwe wa Wi-Fi pekee, kisha pakua vipindi viwili au vitatu ukiwa mahali penye Wi-Fi. Ukiwa na kiti kwa matatu, unasikiliza bila kutumia hata MB moja. Na kama unasikilizia kwa video, jua video hula mara nyingi zaidi, hata simu ikiwa mfukoni na hakuna unachotazama.

Pili, na hapa ndipo tunapata simu nyingi za wateja, ni michango ya kila mwezi. Podikasti nyingi kama hizi huendeshwa na matangazo na wasikilizaji wanaochanga kupitia Patreon, wakipewa vipindi vya ziada. Ni jambo zuri ukiweza. Lakini hesabu kwa mwaka, usihesabu kwa mwezi. Tuseme unachanga dola 5 na dola ni shilingi 130: hiyo ni shilingi 650 kwa mwezi, shilingi 7,800 kwa mwaka, kabla ya gharama ya kubadilisha pesa. Ukilipa kwa kadi pepe iliyounganishwa na pochi yako ya simu, malipo hujirudia yenyewe kila mwezi. Kufuta programu kwenye simu hakusimamishi chochote. Lazima uingie kwa akaunti yako pale ulipojisajili na ukatize uanachama, kisha ungoje barua pepe ya kuthibitisha.

Niliyajua haya kwa njia ngumu. Nilijaribu huduma moja ya vitabu vya sauti kwa mwezi wa bure, nikafuta programu, nikasahau. Miezi minne baadaye nilikuwa natuma kodi, salio likakataa. Nikapitia taarifa ya miamala, na hapo walikuwa, tarehe ile ile kila mwezi, kwa vitabu ambavyo pia sikusikiliza. Angalau vya karatasi huwa vinakaa kwa rafu vikikukumbusha.

Na jambo moja la haraka: kusikiliza podikasti hakuhitaji PIN yako. Mtu akikupigia akisema umeshinda usajili wa bure na anataka PIN au nambari iliyotumwa kwa SMS, kata simu.

Kuhusu Siku Njema, nilinunua nakala kuukuu kwa muuza vitabu wa kando ya barabara, nikalipa kwa simu. Niko ukurasa wa 41. Usinihadithie mwisho, mwongozo ulishaniambia.